Adabu ya Mtoto Chini ya Maji

Kijana akimaliza kozi ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi wa hewa, anapewa kadi. Kwa utaratibu wa PADI, moja ya mashirika makubwa duniani yanayotoa vyeti hivyo, mtoto wa miaka 10 anaweza kuipata, ila mpaka afikishe miaka 12 haruhusiwi kupita mita 12, tena awe na mzazi au mlezi aliyehitimu, au mtaalamu wa shirika. Kati ya miaka 12 na 14 lazima aandamane na mtu mzima mwenye cheti. Akitimiza 15, mlango uko wazi: anaweza kushuka hadi mita 18 na mwenzake yeyote aliyehitimu. Nyuma ya kadi hiyo kuna masomo, mazoezi ya kwenye maji yaliyotulia, na mbizi nne tu za baharini.

Sasa swali langu ni hili: mtoto huyo akiwa wa dada yako, na mkiingia majini wawili tu, yeye ni nani kwako? Mwenzako, au amana uliyokabidhiwa?

Mtu anaweza kudhani nachezea maneno. Lakini sheria ya kwanza ya mchezo huu ni kwamba watu huzamia wawili wawili, na kila mmoja hubeba kipumulio cha akiba kwa ajili ya mwenzake. Hewa yangu ikikatika nikiwa mita 12 chini, mwokoaji wa ufukweni hana habari. Wa kunisaidia ni mmoja tu, huyo wa miaka 15 aliyeko mita mbili kutoka kwangu. Na msaada wenyewe unahitaji utulivu. Mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo mtu akikurupuka kupanda huku amebana pumzi, hewa iliyomo mapafuni inatanuka na inaweza kuyapasua. Woga wa mmoja ni hatari ya wawili.

Kwenye boti jambo hili halionekani sana, kwa sababu yupo nahodha wa kuhesabu vichwa na kiongozi wa kutangulia. Mkiingia kutokea ufukweni, hao wote hawapo. Pale Unguja, siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo mnachagua siku wenyewe, mnasubiri maji yajae wenyewe, mnatazama mkondo unavuta upande gani, halafu mnatembea na mitungi mgongoni mpaka maji yawafike kifuani. Kila uamuzi ni wenu. Yaani, kwa jina ni wenu. Kwa kweli ni wa mkubwa.

Hapo ndipo adabu yetu inapoingia, na mimi naipenda adabu yetu. Mtoto aliyelelewa vizuri akiambiwa "twende", anajibu "sawa". Hapingi mbele za watu, haulizi mara mbili. Methali imeshamwonya: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali ya kweli pale ambapo mkuu anaona asichokiona mdogo. Lakini chini ya maji mimi sioni kifua chake kinavyobana. Sioni kwamba maski inavuja kidogo, kwamba usiku hakulala vizuri, kwamba sikio limeziba na anaona aibu kusema. Habari zote hizo anazo yeye. Na kama amefundishwa kwamba heshima ni kukubali, "sawa" yake hainiambii chochote.

Wazamiaji wana kanuni nyingine: yeyote anaweza kusitisha mbizi, wakati wowote, kwa sababu yoyote, na haulizwi. Ishara yake ni kidole gumba kuelekea juu. Nchi kavu kidole hicho maana yake ni safi, poa, nimekubali. Majini maana yake ni tupande, imetosha. Nadhani kwa kijana wa kwetu kugeuza ishara ile ni kazi ndogo. Kazi ni kumwonyeshea mjomba wake.

Mpwa wangu alipata kadi mwaka jana, na wiki tatu baadaye tulikwenda kwenye mwamba mdogo upande wa magharibi wa kisiwa. Tulichagua siku ya maji mafu, na bahari ilikuwa imetulia. Kabla ya kuvaa mitungi sikumwuliza kama yuko tayari, maana jibu nalijua. Nilimwuliza maswali yasiyojibika kwa "sawa". Tushuke mita ngapi? Akasema nane. Tugeuze tukibakiwa na hewa kiasi gani? Mitungi ilikuwa na bar 200. Akafikiri, akasema 120. Nikiishiwa hewa utafanyaje? Akanionyesha, pale pale mchangani, anavyonishika mkono na kunipa kipumulio.

Dakika ya 17 akanyoosha kidole gumba. Nilitazama kipimo chake: bar 130. Mwamba ulikuwa mzuri, maji safi, sikuona tatizo lolote. Tukapanda polepole, tukaogelea hadi nchi kavu. Tulipokuwa tunavua vifaa akaniuliza, "Anko, umekasirika?" Nikamwambia hapana. Hakusema kwa nini alitaka kupanda, na mimi sikumwuliza.

Swali lake lile ndilo lililonifanya niandike. Mtoto alikuwa ametumia haki yake kwa namna iliyo sahihi kabisa, na bado moyoni alihisi amenikosea.

Nilipomsimulia dada yangu, hakufurahi kama nilivyotegemea. Alisema, "Mimi nilikukabidhi mwanangu, sikukutafutia mwenzako." Ana hoja, tena nzito. Kumwita mtoto mwenzako inaweza kuwa njia nzuri ya kumtua mzigo mtu mzima. Jambo likiharibika, utasemaje? Kwamba alikuwa na kadi? Kwamba mliamua pamoja? Mwenye miaka thelathini na kitu na mwenye 15 hawaamui pamoja hivyo, na mama yake hatakubali kugawa lawama nusu kwa nusu. Wala mimi sikubali.

Jibu langu ni kwamba mzigo wangu ni mkubwa kuliko wake, lakini sehemu yake kubwa naubeba kabla ya kulowa. Ni mimi wa kusoma maji, wa kukataa siku mbaya hata akinibembeleza, na wa kupunguza kina. "Hapana" ya mkubwa haihitaji kura. Ila "ndiyo" lazima iwe ya wawili. Na kina chenyewe nisikipime kwa uwezo wangu wa kumtoa yeye. Nikipime kwa uwezo wake wa kunitoa mimi. Kama hawezi, basi nimekwenda peke yangu na kumbeba mtoto kama mzigo, hata kama picha zetu zitaonyesha watu wawili.

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa jasiri kwa kutenda mambo ya kijasiri. Naamini na kukataa hivyo hivyo, mtu hukujua kwa kukataa. Lakini mkubwa anayemtaka mdogo ajifunze lazima akubali kukataliwa kweli, siku nzuri, hewa ikiwa bado nyingi, bila kununa njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mwaka huu kijana anataka tushuke mita 18. Kadi inamruhusu. Nimemwambia kwanza tukutane mita 5 chini, anionyeshe anavyonipandisha juu, mimi na kilo zangu 84.