Kocha Aliyeanza na Soksi

Andiko: Luka 16:10, 2 Timotheo 2:2



Juma hili tumkumbuke mwalimu mmoja aliyelala mwaka 2010, akiwa na miaka 99. Jina lake ni John Wooden, Mmarekani, kocha wa mpira wa kikapu. Alianzia shule za sekondari, mchana anafundisha Kiingereza darasani, baadaye anaingia uwanjani na vijana. Mwishowe akafika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Huko timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 katika miaka 12, na mara 7 kati ya hizo ni mfululizo.

Wale tuliosomea biashara tulimjua kwa ile Piramidi yake ya Mafanikio. Chini kwenye pembe aliweka bidii na shauku. Kileleni aliweka imani na subira. Lakini leo hebu tuache mchoro, tutazame maisha. Kuna mambo matatu.

Kwanza, aliheshimu kidogo. Msimu ukianza, somo lake la kwanza lilikuwa jinsi ya kuvaa soksi. Ndiyo, soksi! Vijana warefu, mastaa huko walikotoka, wanaonyeshwa kunyoosha soksi pasibaki mkunjo. Kwa nini? Mkunjo huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hawezi kukimbia. Yesu katika Luka 16 anatuambia kwamba uaminifu hupimwa kwenye lililo dogo kabla ya lililo kubwa. Wewe unaomba Mungu akupe biashara kubwa, na pesa za chama ulizoshikishwa haujaandika hesabu. Nyoosha soksi kwanza, mpendwa.

Pili, alikubali kukosa kombe kuliko kumwacha mtu. Mwaka 1947 alikuwa kocha wa chuo cha ualimu cha Indiana State. Timu yake ikaalikwa kwenye mashindano ya kitaifa, Kansas City. Sharti lilikuwa moja: wachezaji weusi hawaruhusiwi. Yeye alikuwa na kijana mmoja mweusi, Clarence Walker, na si hata mchezaji wa kutegemewa sana. Wengi wangesema, "Kijana, baki tu, utakuja mwaka ujao." Wooden alikataa mwaliko. Timu nzima ikabaki nyumbani. Mwaka uliofuata, 1948, mlango ulifunguliwa na Walker akacheza, mchezaji wa kwanza mweusi katika mashindano hayo.

Yakobo 2 inakataza upendeleo katikati ya watu wa Mungu. Sasa tujiulize bila kuoneana haya: kwaya yetu ikialikwa mahali, ni nani anaachwa kwa sababu hana nauli au sare? Kwenye kamati zetu, kabila la mtu linahesabiwa? Kuna kombe ambalo ukilipata hivyo, mbinguni halihesabiwi.

Tatu, alisubiri. Tunasifu yale makombe 10, lakini tunasahau kwamba alifika UCLA mwaka 1948 na kombe la kwanza likaja 1964. Misimu 16! Hapa kwetu kiongozi wa vijana akimaliza miaka miwili bila ukumbi kujaa, tunaanza kunong'ona abadilishwe. Na yeye mwenyewe hakupima mafanikio kwa ubao wa magoli. Aliwauliza vijana kama wametoa uwezo wao wote.

Paulo alimwagiza Timotheo akabidhi mafundisho kwa watu waaminifu, nao wawafunze wengine. Hiyo ndiyo kazi ya kocha. Hafungi yeye, anafunga kupitia wengine. Mwalimu wa Shule ya Jumapili, mama unayeomba na watoto kabla ya kulala, ndugu unayefundisha fundi mchanga kazi gereji: jina lako huenda lisitangazwe popote, lakini Mungu anaiona timu yako.

Juma hili fanya jambo moja. Kama mwalimu au kocha aliyekulea yuko hai, mpigie simu umshukuru. Usingoje kusoma sifa zake kwenye matanga. Kisha umtafute kijana mmoja, umshike mkono.

Tuombe: Baba, tupe uaminifu katika madogo, ujasiri wa kutomwacha mtu nyuma, na subira ya kungoja wakati wako. Katika jina la Yesu, Amina.