Sabufa, vitambaa na ukuta wa sebuleni



Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengine mtalicheka. Nataka kuzungumzia redio. Simaanishi ile redio ndogo ya mkulima ya kuning'iniza kwenye tawi shambani. Namaanisha mziki mkubwa: runinga ya inchi 43, spika tano na sabufa lake, ule mtambo ambao watu wanauita homu thieta. Na swali langu ni hili: kwenye nyumba ya mume na mke, nani ana haki ya kuamua kitu gani kikae wapi? Utasema hilo ni swali la seremala, si la dini. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka liliponikuta.

Ninaishi Sikonge, kusini mwa Tabora. Huku kwetu kila mtu anajua masoko ya tumbaku yakifunguliwa mji unavyochangamka. Bodaboda zinabeba magodoro, mabati, makochi, na redio pia. Mimi silimi tumbaku, ni fundi simu, lakini mkulima akipata na mimi napata. Basi mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilijibana, nikaenda Tabora mjini, nikarudi na mtambo wangu kwenye basi. Nilipoona umefika bila hata mkwaruzo nilimshukuru Mungu kwa dhati.

Wakati huo mke wangu alikuwa kwao Ipole, alikwenda kumuuguza mama yake. Nikasema, hapa nitamshangaza. Sebule yetu ni ya futi 10 kwa 12. Niliona ukuta mmoja tu unafaa kwa runinga, kwa sababu ule mwingine unapigwa na mwanga wa dirisha. Lakini kwenye ukuta huo mke wangu alikuwa ameweka meza ndogo yenye msalaba, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, rozari tuliyopewa siku ya harusi na mshumaa. Kwenye makochi alikuwa ametandika vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe kwa kroshia tangu tukiwa wachumba.

Nikaihamishia ile meza chumbani. Msalaba nikaupandisha juu ya mlango. Vitambaa nikavikunja nikavitia kwenye mfuko, maana niliona haviendani na vitu vya kisasa. Sabufa nikaliweka kwenye kona, spika nikazisambaza, nyaya nikazipitisha chini ya makochi. Jioni nikawasha. Mabati yalitetemeka. Nikasema, sasa hii ndiyo nyumba.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni, akatazama pande zote. Akasema, "Hongera, mume wangu." Kisha akaenda jikoni kuwasha moto. Mimi nikajua mambo yameisha vizuri.

Yalikaa hivyo miezi mitatu. Hakuna aliyegomba. Ungeniuliza ningekuambia nyumbani kwangu kuna amani tele.

Mwezi wa Oktoba, mwezi wa Rozari, jumuiya yetu ilikuja kusali kwetu. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameshika sanamu ya Bikira Maria. Akaangalia huku na huku, akaniuliza, "Mwanangu, tumweke wapi Mama?" Nikakosa jibu. Mwishowe tulimweka juu ya stuli, ubavuni mwa sabufa. Tukapiga magoti, na mbele yetu ilikuwa runinga imezimwa. Kioo cha runinga iliyozimwa ni cheusi na kinaonyesha kama maji. Nilijiona humo nimepiga magoti, na nyuma yangu wanajumuiya wote. Nikamtafuta mke wangu, sikumwona. Kugeuka, nikakuta amekaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

Usiku nikamuuliza, "Hivi wewe hii redio huipendi?"

Akanijibu taratibu, "Redio sina ugomvi nayo. Hukuniuliza tu."

Ndugu zangu, jibu langu la kwanza halikuwa la Kikristo. Nilimwambia, "Lakini si nimenunua kwa pesa yangu?" Nililisema kwa sauti ya chini, ila nililisema. Na najua si mimi peke yangu, vijana wengi tunalisema au tunaliwaza. Kwa hiyo tulichunguze hilo jibu, tuone kama linasimama.

Tuanze na sheria ya nchi. Tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo inaruhusu mahakama kugawa mali ambazo wanandoa wamezichuma kwa juhudi zao wote wawili. Watu walibishana: mwanamke ambaye kazi yake ni kupika, kufua na kulea, naye amechuma? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za nyumbani zinahesabika kama mchango. Sasa sheria inakuja kuhesabu hayo pale ndoa ikiwa imeshavunjika. Sisi tunasubiri nini kuyahesabu wakati bado tunakula sahani moja?

Tutazame na historia yetu wenyewe. Karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Tabora. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga. Wengi walisafiri kiangazi na kujitahidi kurudi mvua zikikaribia, msimu wa kulima. Huku nyuma wanawake ndio walioshika nyumba, watoto na mashamba. Sasa fikiria mpagazi anarudi na jora la merikani begani. Ni kweli bega lililoumia ni lake. Lakini nyumba aliyoikuta imesimama na moto unawaka, hiyo ilisimamishwa na nani? Mimi nilisafiri siku moja tu kwa basi, nikarudi na maboksi, nikajiona ndiye niliyeijenga nyumba.

Na Kanisa je? Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mtu anaruhusiwa kumiliki mali, ila katika kuitumia asiione kuwa ni yake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wengine. Alikuwa anafikiria jamii nzima, maskini na tajiri. Kama ndivyo ilivyo kati ya mtu na jirani yake, itakuwaje kati ya mtu na mke wake, ambao Maandiko yanasema si wawili tena bali mwili mmoja? "Pesa yangu" ni neno lenye maana sokoni. Sebuleni kwenu linapungua nguvu sana.

Basi nikashindwa hoja. Na mtu aliyeshindwa hoja mara nyingi anarukia upande wa pili kabisa. Asubuhi nikamwambia mke wangu kwa unyenyekevu mkubwa, "Nimetafakari. Nitaiuza redio yote, turudishe nyumba ilivyokuwa." Nilitegemea atafurahi, labda hata alie kidogo. Akacheka, akasema, "Usiuze. Ukiiuza utakuja kunidai maisha yangu yote."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa tayari kuipoteza redio ili nibaki na kitu kikubwa zaidi, yaani sifa ya kuwa mume aliyejinyima. Kila siku ya mechi ningekumbuka. Kila tukigombana ningesema, "Mimi niliuza mpaka redio kwa ajili yako." Hiyo ingekuwa sadaka gani? Sadaka unayoitunzia risiti ni mkopo. Halafu angalieni jambo lingine: hata uamuzi wa kuiuza niliufanya peke yangu! Niliiingiza redio bila kumuuliza, na sasa nilitaka kuitoa bila kumuuliza. Mara zote mbili niliyeamua ni mimi, yeye kazi yake ilikuwa kusema hongera au asante.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hili ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo. Tunadhani upendo unapimwa kwa kile tulicho tayari kukiacha. Wakati mwingine kuacha ni rahisi. Kigumu ni kumruhusu mwenzako aingie kwenye uamuzi kabla hujauamua, wakati bado anaweza kuubadilisha. Kumuuliza mtu baada ya kununua ni kumtaarifu tu.

Kwa hiyo tulikaa chini Jumapili baada ya Misa, na karatasi, tukaichora sebule. Nilijifunza mambo ambayo fundi kama mimi ilibidi niyajue. Sebule yetu ina sakafu ya simenti, kuta tupu na bati bila dari. Chumba cha namna hiyo kinarudisha sauti, maneno yanagongana. Vitu laini kama mapazia mazito, zulia na mito ya makochi vinaipunguza ile mwangwi. Yaani yale mapambo niliyoyaona ni ya kizamani ndiyo mtambo wangu ulikuwa unayahitaji. Sabufa nalo likikaa kwenye kona linaunguruma kupita kiasi. Tulipolisogeza na kulipunguza, mabati yakatulia, na jirani akaacha kututazama vibaya.

Yeye akauliza, "Huo ukuta wa dirisha haufai kwa sababu ya mwanga tu? Nikishona pazia zito?" Sikuwahi kuwaza hilo. Pazia likashonwa, runinga ikahamia huko. Meza ya sala ikarudi mahali pake, msalaba ukashuka kutoka juu ya mlango. Vitambaa vikarudi kwenye makochi, na kimoja akakiweka juu ya spika. Kroshia ina matundu, sauti inapita. Akataka kufunika na mashine yenyewe, nikamweleza kwamba ile inapata joto na inahitaji kupumua. Akanielewa, akakitoa.

Nisiwadanganye kwamba kila mtu alipata alichotaka. Spika mbili za nyuma ziko kwenye boksi mpaka leo, kwa sababu nyaya zake zilikuwa zinakatiza mlangoni na mama mkwe angejikwaa. Ule mziki wa kukuzunguka pande zote niliouota sina. Naye aliachia kabati la vioo alilokuwa akilitamani kwa ajili ya vyombo vyake vya harusi, maana nafasi yake imechukuliwa na runinga. Kila mmoja ana kitu anakikosa. Tofauti ni kwamba kila mmoja anajua mwenzake anakosa nini, na tulikubaliana tukiwa wote mezani.

Najua kuna dada anasoma hapa anasema, "Sawa, lakini kwetu mimi ndiye ninayeachia kila siku." Dada yangu, nakusikia. Mtume Paulo kwa Waefeso, kabla hajasema lolote kuhusu mke na mume, anawaambia waamini wote wanyenyekeane wao kwa wao. Kunyenyekeana ni kazi ya pande mbili. Nyumba ambayo mmoja anaachia daima na mwingine haoni, pale pana ukimya, na ukimya si lazima uwe amani. Mke wangu mwenyewe aliniambia baadaye kwamba ile "hongera" ya mlangoni ilimuuma kuliko matusi, na kwamba anajuta kutoniambia siku ileile. Mimi nikamwambia ningekuwa na macho nisingesubiri aniambie. Nadhani wote tulikuwa sahihi.

Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikumbusha familia maneno matatu: naomba, asante na samahani. Asante nilikuwa naijua. Samahani nimejifunza kwa shida. Ila lile la kwanza, naomba, tunaliruka kwa sababu linatulazimisha kusimama mlangoni mwa mtu tukisubiri jibu, hata kama mlango wenyewe ni wa nyumba yetu.

Kijana ambaye hujaoa au hujaolewa, usiseme hili halikuhusu. Mnapokaa wachumba kupanga maisha, msiulizane tu idadi ya watoto na ukumbi wa sherehe. Ulizaneni pia: kitu gani ukikikosa sebuleni utajiona mgeni? Jibu litakuonyesha mengi kuhusu moyo wa mwenzako.

Wiki hii jiulize: ni uamuzi gani wa nyumbani, hata mdogo, nimeufanya peke yangu nikauita mshangao? Na nani amekaa karibu na mlango wa jikoni?

Tuombe. Ee Yesu, uliyeishi miaka mingi katika nyumba ya Nazareti pamoja na Maria na Yosefu, utufundishe kuishi na wenzetu bila kuwafanya wageni nyumbani kwao. Utupe moyo wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Na pale tunapotoa kitu, utusaidie tusikiandike kwenye daftari la madeni. Amina.