Deni la Anayejua

Kitovu cha mtoto aliye tumboni huwa na mishipa mitatu: ateri mbili zinazopeleka damu kwenye kondo la nyuma, na vena moja inayomrudishia damu yenye chakula na oksijeni. Katika mimba 1 kati ya 100, au pungufu ya hapo, ateri huonekana moja tu. Wengi wa watoto hao huzaliwa wazima. Hata hivyo, hitilafu hiyo mara nyingine huandamana na kasoro ya moyo au figo, ndiyo maana mtaalamu akiigundua kwenye altrasaundi hutaka moyo wa mtoto uchunguzwe kwa makini, kwa kawaida kati ya wiki ya 18 na ya 22.

Neno hilo likimfikia mjamzito wa Mpanda, nyumba nzima huingia kwenye shauri. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka makao makuu hayo ya Mkoa wa Katavi. Mume atawaza nauli. Mama mkwe atauliza kwa nini watu wachungulie alichokifunika Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa.

Swali la mama mkwe ni zito, na dini zimelishughulikia. Waraka wa Vatican wa mwaka 1987, Donum Vitae, unaruhusu uchunguzi wa mtoto tumboni iwapo lengo ni kumlinda au kumponya. Unaukataa ukifungamanishwa na nia ya kutoa mimba. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu kutoa mimba yenye kasoro kubwa isiyotibika kabla ya siku 120, kwa uthibitisho wa jopo la madaktari. Baada ya hapo halikuruhusu, isipokuwa uhai wa mama ukiwa hatarini. Siku 120 tangu mimba kutungwa ni kama wiki ya 19 kwa hesabu ya kliniki, kwa hiyo majibu ya kipimo cha moyo mara nyingi hufika mlango huo ukiwa umefungwa. Sheria ya Tanzania nayo inaruhusu mimba kutolewa kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama.

Basi kujua kuna faida gani? Ipo, na ni ya vitendo. Baadhi ya kasoro za moyo hujificha saa za kwanza, kisha mtoto hubadilika rangi na kuzidiwa mshipa uliokuwa ukimsaidia tumboni unapoziba. Familia iliyoonywa mapema inaweza kupanga uzazi karibu na hospitali yenye dawa ya kuuweka wazi mshipa huo.

Katavi yenyewe ina historia inayomjibu mama mkwe. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani na kusomea udaktari Malta, alitibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Kwake dawa na sala havikugombana.

Linalobaki ni swali la haki: nani abebe uzito wa kujua? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito, kiwango kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote. Kumtajia binti wa miaka 17 kasoro ya kitovu, kisha kumwachia barua ya rufaa asiyo na uwezo wa kuifuata, ni kumtwisha hofu na kuita hiyo huduma. Aliyeona tatizo ana deni: amweleze kwamba mara nyingi mtoto huwa salama, amsikilize anachotaka yeye mwenyewe kabla ya wakwe, amsaidie kutafuta njia ya kufika.

Safari ikishindikana, deni halifutiki. Mkunga anaweza kuandika hitilafu hiyo kwenye kadi ya kliniki, ili mtoto akizaliwa asikilizwe moyo na apimwe oksijeni mkononi na mguuni kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.