Picha Isiyo na Gharama

Mtu asiye na chakula hatusemi kwamba amefunga; tunasema ana njaa. Kufunga ni kwa yule ambaye sahani iko mbele yake. Jambo hili tumezoea kulisema juu ya chakula, pombe na fedha. Hapa tungependa kulisema juu ya kitu kidogo zaidi, yaani picha.

Sisi tunaoandika haya si wapiga picha wa kazi. Ni washarika wa hapa mjini wenye shughuli nyingine, ambao kwa miaka mingi tumepiga picha za kipaimara, ndoa, harambee na mazishi kwa sababu tulikuwa na kamera na wenzetu wengi hawakuwa nayo. Tulianza na mkanda, leo tuko kwenye dijitali, na katika kuvuka huko tumekutana na swali la imani ambalo hatukulitarajia.

Waliozaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hawakumbuki mkanda ulivyokuwa. Ulinunua wa picha 24 au 36, ukauweka kwenye Yashica au Zenit yako, na tangu hapo kila ulipobonyeza, ulitumia fedha: fedha ya mkanda, fedha ya kusafisha, fedha ya karatasi. Ukifungua mgongo wa kamera kabla ya kuurudisha mkanda ndani ya kopo lake, mwanga uliingia na picha zikaungua. Ulichopiga hukukiona mpaka siku studio ilipokukabidhi bahasha. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza ulimtazama mtu. Ulimwomba bibi ainue kidevu, ukamngoja mtoto anyamaze, ukaacha wingu lipite. Picha 36 kwa harusi nzima zilikulazimisha kuamua: pete, keki, wazazi wa pande zote mbili, kwaya, halafu unabakiza nne kwa wale ambao wangenuna wasipoonekana. Kila usharika unao watu hao.

Ndiyo maana wazee wetu husema zamani upigaji picha ulikuwa na heshima. Kijana wa leo hupiga picha mia tatu kabla mchungaji hajamaliza kuwabariki maharusi, kisha akiwa ndani ya daladala anafuta nyingi na kubakiza chache. Tunayaelewa malalamiko hayo. Lakini tukiyapima, hayasimami sawasawa.

Heshima ile ilikuwa na bei, na bei ilichagua watu. Wako watu wa Kariakoo, Gerezani na Ilala ambao hawana picha hata moja ya babu yao. Hawakumdharau, picha ilishindana na unga, na unga ukashinda. Tumeona kwenye misiba picha ya marehemu ikiwa ni ile ndogo ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso umekuwa chembechembe, kwa sababu maisha yake yote alipigwa picha pale tu serikali ilipoihitaji. Hatuwezi kuuita utaratibu huo utakatifu.

Hata mkanda wenyewe haukuwatazama watu wote kwa jicho moja. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Mtu mweusi aliposimama karibu na ukuta mweupe, au karibu na mgeni wa Ulaya, mara nyingi uso wake ulitoka kama kivuli chenye meno. Sisi tunaosoma katika Mwanzo kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu tunapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kuulilia mkanda.

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa na mhandisi wa Kodak aitwaye Steve Sasson huko Marekani mwaka 1975, mwaka uleule ambao soko letu kubwa la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa rasmi. Kifaa chake kilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na kilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kodak waliendelea kuutegemea mkanda, na Januari 2012 wakaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wao. Leo, katika maduka ya simu ya Kariakoo, kamera haiulizwi tena kama kitu cha peke yake. Imo ndani ya simu, na simu imo mkononi mwa mchukuzi, mama lishe na mwanafunzi.

Sasa sahani iko mbele yetu sote, na kila mbonyezo ni bure. Hapo ndipo inapojulikana kama tulikuwa tunafunga au tulikuwa na njaa tu.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakanasa chini ya kifusi. Watu walikufa; wengine walitolewa wakiwa hai. Picha na video zilisambaa nchi nzima. Tusiwe wepesi kuhukumu, kwa sababu picha nyingine ziliita msaada na nyingine zitabaki kuwa ushahidi. Lakini yule anayebebwa akiwa na vumbi usoni, nguo imechanika, hana nafasi ya kusema asipigwe. Mpigaji wa siku za mkanda angejiuliza kama zimebaki picha ngapi, na huenda ubahili wake ungemlinda majeruhi. Sasa bahili huyo ameondoka, na kati ya jeraha la mtu na dunia nzima imebaki dhamiri ya aliyeshika simu, peke yake.

Dijitali imeleta pia jambo jema ambalo mkanda haukuweza kulitoa, nalo husahaulika. Unaweza kumgeuzia mtu kioo na kumwonyesha papo hapo. Anaweza kusema, "Hiyo ifute, mwanangu." Zamani uso wake uliondoka ndani ya kamera yetu, ukasafishwa na mtu asiyemjua, na yeye aliuona baadaye kama aliuona kabisa. Tunaposoma Mwanzo 16, Hajiri akiwa jangwani anampa Mungu jina kwa sababu amemwona. Alikuwa mjakazi, tena mtoro, na watu wa nyumba aliyotoka walimtazama kama chombo cha kuzalia. Kuonwa kule kulianza na swali: alitoka wapi, na anakwenda wapi. Aliulizwa, akajibu. Kamera inayomwonyesha mtu na kungoja jibu lake inaufuata mfano huo kuliko ile iliyoondoka na uso wake kimyakimya, hata kama ile ya pili ilibonyezwa kwa utaratibu mwingi.

Linalotusumbua zaidi liko karibu zaidi na madhabahu. Vikundi vyetu vya diakonia vinapopeleka mchele, mafuta na sabuni kwa wajane, kuna mtu wa kupiga picha. Mama anapokea mfuko, anaambiwa ageukie huku, anaambiwa atabasamu, na kabla hatujafika kituo cha mwendokasi picha iko kwenye kundi la WhatsApp la usharika. Wakati wa mkanda hakuna ambaye angeteketeza picha tano juu ya mfuko wa mchele. Bwana Yesu katika Mathayo 6 anataka sadaka iwe siri hata kati ya mikono miwili ya mtoaji mmoja. Sisi tumeialika simu iwe mkono wa tatu.

Wenzetu wahazini wana hoja, nayo ina uzito: waliochanga wanataka kujua kwamba mchele umefika. Tumependekeza kwa baraza la wazee kwamba risiti na sahihi zitoshe, na kama picha ni lazima, ipigwe mifuko ikiwa bado ofisini. Tumependekeza pia kwamba mjane anayetaka picha yake apigwe akiwa amevaa anavyopenda, achague mwenyewe, na achapiwe kwenye karatasi aiweke ukutani, kwa kuwa simu huibwa na memori kadi hufa. Mzee mmoja aliuliza nani atalipia karatasi. Tulijibu kwamba tutalipa sisi, kama tulivyokuwa tukilipa zamani. Baraza litakaa tena baada ya Pasaka.