Je, Yafaa Kupanda Mti Ambao Hutakula Matunda Yake?



Mwezi huu twataka kutafakari pamoja swali ambalo kwa kulitazama haraka laonekana dogo. Mtu akiisha kula parachichi, kokwa lake alifanyie nini? Wengi hulitupa jalalani pasipo kufikiri. Wachache hulifukia nyuma ya jiko, wakalitilia maji, wakangoja. Ukiwauliza wale wengi kwa nini hawapandi, watakujibu, "Mti huo utazaa lini? Tena nani atakayekula?" Jibu hilo si la uvivu tu. Ndani yake limo swali zito: Je, yampasa mtu kufanya kazi ambayo faida yake itamwendea mwingine?

Tumechagua kulipima swali hili kwa mfano wa kisiwa cha Pemba, ambacho Waarabu wa kale walikiita Al-Khudra, yaani cha kijani. Huko habari za miti na habari za haki za watu zimefungamana sana, hata huwezi kusimulia moja ukaiacha nyingine.

Kwanza tuseme jinsi kazi yenyewe ilivyo, ili tujue twashauriana juu ya nini. Kokwa la parachichi halikai ghalani kama mahindi, likikauka hufa. Basi litolewe katika tunda lililokomaa vema, lioshwe, likapandwe lingali bichi. Upande mpana uwe chini, upande uliochongoka uwe juu, na ncha ionekane kidogo juu ya udongo. Kopo kuukuu lililotobolewa chini lafaa sana, likijazwa udongo mweusi na samadi iliyooza. Wengine hulichoma kwa njiti tatu, wakaliweka juu ya gilasi ya maji hata litoe mzizi. Nayo ni njia njema, hasa kwa watoto wapendao kutazama. Baada ya majuma machache, pengine hata manane, kokwa hupasuka na chipukizi hutokea. Mche ukifikia shubiri mbili, na uhamishwe mwanzo wa mvua za masika, mahali ambapo maji hayatuami. Kwa kuwa mparachichi huvumilia mengi, lakini mizizi yake ikilala majini huoza. Kisha ni kungoja. Mti uliotoka katika kokwa waweza kukaa miaka 5, au 10, au hata zaidi, kabla ya kuzaa.

Hapo ndipo mashaka yanapoanza, nayo ni matatu.

Shaka la kwanza lasema: "Mimi ni mzee, sitauona." Twamjibu mzee huyo kwa kumwuliza: Minazi uliyoikuta ulipozaliwa aliipanda nani? Mkarafuu huhitaji miaka kama 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, kisha huendelea kuzaa kupita umri wa aliyeupanda. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu yake karibu yote. Mikarafuu ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye kutoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Wajukuu wa watu wa wakati ule walisomeshwa na kuozwa kwa fedha za miti wasiyoipanda wao. Hakuna mtu duniani asiyekula jasho la waliomtangulia. Basi apandaye hamfanyii mwingine hisani. Alipa deni, ila halipi kwa wale waliomkopesha, maana wamekwisha kufa. Huwalipa wale watakaokuja.

Lakini hapa tusiseme kwa wepesi. Ni nani hasa waliopanda mikarafuu ile? Wengi wao walikuwa watumwa, waliochukuliwa bara na kuvushwa bahari. Walichimba mashimo, wakapalilia, wakachuma, na matunda yakaliwa na wengine. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed alitoa sheria ya kuiondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Mwaka ule ule wamisionari wa Kikweka, mmojawapo Theodore Burtt, walifika Pemba, nao wakawa na shamba mahali paitwapo Banani, karibu na Chake Chake, ili walioachwa huru wapate kazi ya mshahara. Sasa, je, tutamsifu mtumwa yule kwamba alipanda mti asioula? Hasha. Alinyang'anywa. Kazi ni ile ile, jembe ni lile lile, na mti ni ule ule. Lakini kumpandia mwingine kwa hiari ni upendo, na kulazimishwa kumpandia ni dhuluma. Kwa hiyo, mtu akituhubiria uzuri wa kupanda kwa ajili ya wengine, yatupasa kumwuliza kwanza kama yeye mwenyewe ameshika jembe, au ameketi kivulini akiwahubiria wanaolishika.

Shaka la pili lasema: "Sijui nitapata tunda gani." Neno hili ni kweli. Parachichi halizai kwa kufuata mama yake. Ua lake hufunguka mara mbili: kwanza hupokea chavua kama jike, kisha hufunga, likifunguka tena hutoa chavua kama dume. Hivyo nyuki huchanganya mti na mti, na kokwa la tunda tamu laweza kutoa mti wa matunda ya maji maji, au yenye nyuzi. Ndiyo sababu wakulima hubebesha kikonyo cha mti mwema juu ya mche, na mti wa namna hiyo huweza kuzaa katika mwaka wa 3 au wa 4.

Hata hivyo na tusikie habari za Rudolph Hass. Mtu huyu alikuwa mchukuzi wa barua huko California, Marekani. Katika miaka ya 1920 alipanda makokwa katika kishamba chake, akitaka kuibebesha miche aina iliyosifiwa wakati ule, iitwayo Fuerte. Mche mmoja ulikataa kushika. Akaacha kuusumbua, ukakua wenyewe. Ukazaa tunda lenye ganda la vipele, ligeukalo jeusi likiiva, na utamu wake ukawashangaza watu. Mwaka 1935 aliliandikisha kwa jina lake. Miti yote ya Hass duniani, hata ile ya Njombe, ya Rungwe na ya Murang'a huko Kenya, imetoka kwa vikonyo katika mti ule mmoja. Mti mama ulikufa mwaka 2002, miaka 50 baada ya yule aliyeupanda.

Wala tusimdanganye mtu kwamba kila kokwa litakuwa Hass. Mengi yatatoa matunda ya kawaida tu. Lakini tunda la kawaida humshibisha mtoto vilevile, na kivuli hakiulizi jina la mti. Anayekataa kupanda mpaka ahakikishiwe atakachovuna amekosa kuielewa kazi ya kupanda; wala hataweza kulea mtoto, wala kufundisha darasa. Ninyi walimu mwalijua jambo hili kuliko sisi.

Shaka la tatu ndilo gumu, nalo lasema: "Ardhi si yangu." Katika Unguja na Pemba, tangu zamani mti na ardhi vimehesabiwa kuwa mali mbili. Mtu aliweza kuwa na mkarafuu au mnazi katika kiwanja cha mwingine, akaurithisha au kuuuza. Kwa sababu hiyo wenye mashamba walimruhusu maskini aliyekaa kwao kulima muhogo na viazi, mazao yang'olewayo, lakini hawakumruhusu kupanda miti ya kudumu. Maana apandaye mti ameweka neno lake katika ardhi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa serikali, na tangu mwaka 1965 watu wengi waligawiwa eka tatu tatu.

Basi tuhukumuje? Kupanda kwa siri katika kiwanja cha jirani, ili kesho useme "mti wangu," ni kunyang'anya polepole, hata kama mti wenyewe ni mwema. Mtu na aende kwa mwenye ardhi mchana, aseme naye mbele ya mashahidi, waelewane matunda yatakuwa ya nani. Lakini mwenye ardhi naye anayo hatia yake. Kumwambia mtu, "Lima muhogo, ila usipande mti," ni kumwambia, "Kaa leo, lakini kesho huna." Mtu aliyenyimwa kesho hawezi kutunza udongo, wala haifai kumlaumu kwamba hautunzi.

Sisi Walutheri twapenda kusimulia kwamba Martin Luther alisema angepanda mtufaha hata kama angejua kwamba kesho dunia itakwisha. Wataalamu walioyachunguza maandiko yake hawakuliona neno hilo; ushuhuda wake wa kwanza unaojulikana ni wa mwaka 1944, huko Ujerumani, miji ilipokuwa ikiteketea kwa vita. Kwetu neno hilo halipungui uzito kwa kutosemwa na Luther. Wenye kulishika walikuwa watu wasioona kesho kwa macho. Nao majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi sana katika Pemba, wamepokea fundisho linalofanana nalo, kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Watu wa imani mbili wakikutana katika shimo moja la mche, yatupasa kusikiliza.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Yafaa kupanda, tena yapasa, kwa masharti matatu: apandaye awe huru, apande kwa haki ya mahali, na akiisha kupanda asiuache mche ukafa kwa kiu. Kwa maana kufukia kokwa ni kazi ya dakika moja, na kila mtu aweza kujisifia. Kuutilia maji wakati wa kiangazi, na kuukinga na mbuzi mwaka hata mwaka, ndiyo kazi yenyewe. Masika yakikaribia, kila nyumba na itafute kopo moja na kokwa moja, na mtoto mmoja wa kuonyeshwa.