Waya Mpya, Masikio Yale Yale



Likizo hii nimefika nyumbani Kibimba, mdogo wangu akanidaka mlangoni: "Kaka, njoo usikie!" Alikuwa ameondoa waya wa umeme wa amplifaya yake na kuweka mwingine mnene, wa shilingi 30,000. "Besi imetulia, sauti inatoka safi kabisa."

Mimi na falsafa yangu nikaona nimpime. Nikamgeuzia ukutani, nikawa nabadilisha nyaya bila yeye kuona: wimbo ule ule, sauti kiwango kile kile, mara kumi. Alipatia mara tano. Sawa na kurusha sarafu tu.

Nikaanza kumfundisha. Umeme ukitoka hata kwenye mtambo wa Rusumo, kule Ngara, unapita kilometa nyingi kwenye nyaya za nguzoni. Je, utatakaswa na mita moja na nusu ya mwisho? Ndani ya amplifaya unageuzwa upya kabla ya kufika kwenye spika. Waya ukiwa mzima na unene wake unatosha, basi.

Akanyamaza kidogo, halafu: "Na wewe kaka, rozari yako ya fedha inasali kuliko ile ya plastiki ya mama?"

Sikuwa na jibu.

Wapendwa, mdogo wangu hakudanganya. Utamu aliusikia kweli, ila ulitoka kwenye matumaini yake na hela aliyokwisha kutoa. Mt. Thoma wa Akwino alilijua hili: anayepokea ana sehemu yake katika kile anachokipokea. Kukosea hivyo si dhambi. Shida inaanza pale unapoweza kupima ukakataa, kwa kuogopa aibu. Rozari iliyobarikiwa ina baraka ile ile, iwe ya fedha au ya plastiki. Mimi nilikuwa nimeanza kupima sala yangu kwa mng'ao wa shanga.

Nilipochomoa plagi ndipo tukaona: soketi ya ukutani imelegea, pembeni imeungua, nyeusi. Chumba hicho wanalala wadogo zetu. Hela ilienda kwenye kasoro ya kufikirika, kasoro ya kweli ikabaki ukutani. Kesho yake tukachanga mimi na yeye, fundi akaja.

Swali la wiki: katika maisha yako ya kiroho, unabadilisha waya gani ili usiiangalie soketi?

Ee Bwana, utupe ujasiri wa kupenda ukweli hata unapotuaibisha. Amina.

Tuombeane.