Nani Anapona Mgeni Anapokuja?

Vijana wa Kamenu, hapa Thika, wanaotaka kutembea Jumapili bila gharama kubwa hupanda matatu ya barabara ya Garissa hadi Kilimambogo, wakaone Fourteen Falls. Hapo Mto Athi hutanda juu ya mwamba mpana, ukaporomoka kwa mikondo mingi kwa pamoja. Watu wa Nairobi nao huja na magari yao, na tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe mwaka 2012, safari imekuwa nyepesi. Ukingoni wenyeji wanawasubiri: wenye mashua za kuvushia watu, waongozaji wanaojua pa kukanyaga, na vijana wanaopanda mwambani wakajirusha majini ili mgeni atoe chochote.

Hao wa mwisho ndio wanaonikosesha raha. Wanaujua mto tangu utotoni, penye kina na penye jiwe. Ujuzi huo ni mali, lakini unalipwa kama sadaka. Kijana anayeweka roho yake rehani kwa hisani ya mtazamaji hajautoka umaskini, hata kama jioni amerudi nyumbani na pesa ya unga. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nayachukua maneno hayo kama sharti: ikiwa mwenyeji haponi, kuna haki ya mtu imeliwa njiani.

Umoja wa Mataifa uliufanya 2017 kuwa mwaka wa utalii endelevu kwa maendeleo. Hotuba zilikuwa nyingi, ila mimi huwatazama zaidi majirani walioandika mgawo kwenye karatasi. Uganda hutenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi zake kwa jamii zinazopakana nazo. Rwanda ilianza na asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi mwaka 2005, ikapandisha hadi 10 mwaka 2017. Kule Laikipia, Wamaasai wa Il Ngwesi walifungua nyumba ya wageni iliyo mali yao wenyewe mwaka 1996. Thika yetu ina historia ndefu zaidi ya kupokea wageni, maana hoteli ya Blue Posts ipo tangu 1908, baina ya maporomoko ya Chania na ya Thika. Lakini enzi za walowezi Mwafrika aliingia pale kuhudumu, si kumiliki. Urefu wa historia peke yake haumlishi mtu.

Na kuna deni jingine, zito kuliko kiingilio. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 juu ya Mto Thika, mto huu huu unaopita mjini kwetu. Jiji hunywa, hupika, hufua. Kisha majitaka na plastiki hufuata Mto Nairobi hadi Athi, na Athi huvishusha Fourteen Falls pamoja na povu na harufu. Mgeni kutoka jijini anayesimama pale akiziba pua anayatazama maji ambayo mji wake umeyarudisha. Tumempa safi, ametuletea machafu, halafu analipia tiketi ya kuyaangalia.

Sisemi asije. Aje, na watoto wake, na kamera yake. Ila kila anayegeuza gari kwa sababu ya harufu ni mteja aliyepotea kwa mwenye mashua, na mwenye mashua hakuuchafua mto. Kumwambia huyo ajiunge na semina ya ujasiriamali ni kumbebesha kosa la mwingine.

Ningependa sehemu ya kiingilio itengwe kisheria, isingoje huruma ya mtu, iwalipe wale vijana mshahara kama waokoaji, wapewe mafunzo na jaketi za kuokolea maisha, na kazi ya kujirusha kwa sarafu ikome. Ningependa pia Kiambu na Machakos, kaunti zinazopakana pale mtoni, ziende Nairobi kwa sauti moja kudai majitaka yasafishwe kabla ya kuachiliwa. Madai hayo yahesabiwe kuwa kazi ya utalii, yatengewe fungu katika bajeti yake, kabla ya mabango na matangazo ya kuwaita wageni wengine.